Namna Nilivyookoa Maji ya Mashine ya Figo

Jumatatu, 5 Februari 1979

Mvua hakuna tangu Novemba. Manispaa inafungulia Nakuru maji siku mbili kwa wiki, na hata siku hizo mfereji unakohoa tu. Na kliniki yetu ina mashine ya figo! Daktari Tejinder aliileta kutoka Uingereza ikiwa imeshatumika. Kila Jumatatu na Alhamisi inasafisha damu ya Mwalimu Nanyama, na kila mara inameza maji kama ng'ombe kumi. Maji ya tangi letu yakishuka chini ya mstari, mashine haiwashwi. Daktari ametuambia wazi: Mwalimu akikosa mara mbili, tutamzika.

Mimi, Owuor, mtu wa maji wa kliniki hii, sikubali. Nitapunguza matumizi ya maji. Daktari ataona mwenyewe kwamba anahitaji Meneja wa Maji.

Nimeanza leo leo. Nilifunga mfereji wa mashine nusu. Lo! Mashine ikapiga kelele, Sista Chepkorir, muuguzi wetu, akaja mbio, akaniuliza nimetumwa na nani. Mwalimu, mirija mkononi, alinitetea. Akasema Owuor ana nia nzuri. Yeye anaruhusiwa kunywa vikombe viwili tu kwa siku, na jua hili! Anasema mashine inakunywa kwa niaba yake. Nilitoka nje kutafuta spana. Kusema kweli, nililia kidogo.

Jumanne, 6 Februari

Nimegundua uharibifu! Maji hupita kwanza kwenye chujio, mtungi mkubwa wa chuma. Kila asubuhi Sista analisuuza, na maji yote yanakwenda mtaroni. Meupe pe! Nimetega mapipa manne, yakajaa. Sista akauliza nani atayatumia hayo. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu.

Jumatano, 7 Februari

Siku mbaya. Bwana Navin, mwenye duka la vyuma, alikuja kuona kama atatupa tangi jipya. Nafasi ndiyo hiyo! Nikapika chai mwenyewe kwa maji ya mapipa. Nilipanga amalize kikombe, kisha nimfunulie siri.

Alipiga funda moja. Akamtazama Daktari. Akatema kwenye leso. Akasema atafikiria mambo ya tangi, akaondoka.

Daktari alieleza, kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko kelele, kwamba chujio lile husuuzwa kwa chumvi. Sasa nani aliniambia? Magunia ya chumvi nayabeba mimi mwenyewe kila mwezi. Nilidhani ni ya jikoni.

Alhamisi, 8 Februari

Mifereji imekauka kabisa, na leo ni zamu ya Mwalimu. Alifika kutoka kijijini Bahati uso umevimba, pumzi fupi. Aliniuliza kama maji yapo. Nikasema yapo, bila kujua.

Nilipanda juu ya tangi, nikatumbukiza kijiti. Vidole vitatu juu ya mstari! Nikapima tena. Vitatu.

Kumbe Sista, tangu juzi, anapigia deki kwa maji ya mapipa yangu, na chooni anamwaga hayo hayo. Kwa kazi hizo tangi halikuguswa. Hakuniambia neno, yule mama!

Mashine ilifanya kazi kwa muda wa saa sita. Mwalimu aliamka akiwa mtu tena. Alinishika mkono, akasema darasa la saba wanamngoja na hesabu za sehemu.

Ijumaa, 9 Februari

Daktari ameniita ofisini. Asante kubwa! Mapipa yatabaki pale daima. Hata Bwana Navin ameleta tangi. Anasema ile chai imewachekesha watu dukani kutwa nzima. Kuhusu umeneja, Daktari alikohoa. Kisha akaniomba nisiguse kitu chochote cha mashine bila Sista kuwepo. Sista akaongeza kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sijui tembo limeingiaje hapa.

Basi, suala la maji limekwisha. Sasa stima! Nimechungulia nyuma ya mashine. Kuna swichi yenye taa nyekundu, inawaka saa zote sita, na hakuna hata mtu mmoja anayesoma kwa mwanga wake. Jumatatu, Mwalimu akishasinzia, nitaizima polepole, nisimsumbue Sista.