Cheo Kitangulie Jina

Jumatatu, 5 Juni
Nimechoka. Mwanangu Pua anaota jino, hatujalala. Ijumaa Mama Faamao, mkubwa wetu hapa ushirika wa kakao, ataamua kama nathibitishwa kazini. Nisipothibitishwa, mama mkwe anamchukua Pua akamlee kwake, kisiwa cha Savai'i. Nimembusu kisigino, nikamwambia haendi.
Mpango ninao. Kwenye kompyuta wakulima wamepangwa jina, kijiji, halafu cheo cha uchifu. Cheo mwishoni, kama kandambili mlangoni. Nimeishika safu ya cheo, nikaiburuta hadi mwanzo. Ikatii. Fetu wa meza ya pili akauliza nani kanipa ruhusa. Nikamwambia kwao heshima huombewa ruhusa?

Jumanne, 6 Juni
Wakulima wapya nimewaandika kwenye faili la pembeni kwa utaratibu wangu: cheo, jina, kijiji. Nikawamimina wote kwenye jedwali la ushirika kwa mkupuo, Pua mapajani. Fetu bado anaandika mmoja mmoja. Maskini.

Alhamisi, 8 Juni
Barua za mkutano wa wakulima, ambazo mashine huzichapa kutoka kwenye jedwali, zimefika vijijini. Mzee Pita wa kijiji cha Lefaga, mwenye cheo cha Tapusoa, mmoja wa wale wapya, kaja na yake mkononi. Imemwita Chifu Lefaga, jina Tapusoa, wa kijiji cha Pita. Akaniuliza kwa upole, binti yangu, hicho kijiji cha Pita kina kanisa? Bora angenizaba kofi.
Viliamu, fundi wa mashine, akanieleza. Nilichoburuta ni cha macho yangu tu. Mashine ina namba iliyoipa kila safu siku ilipoundwa, na ukimimina bila kutaja safu, inafuata namba hizo. Kule chini kwenye hifadhi, vitu vimelala kwa namna nyingine kabisa. Akasema, dada, ukihamisha mikeka, nguzo za nyumba huhama? Fetu kacheka mpaka akakohoa.

Ijumaa, 9 Juni
Sikuthibitishwa. Ila Mzee Tapusoa kaniombea, kasema angalau nilitaka kumtanguliza. Mama Faamao kaniongezea mwezi wa majaribio. Pua yupo kwa sasa, ananitafuna kola.
Nimewaza sana. Kumbe dawa ni kuanza upya. Mchana, Fetu alipokwenda kula, nimeunda jedwali jipya, cheo namba moja tangu kuzaliwa. La zamani nimelifuta, lisituchanganye. Jipya halina mkulima hata mmoja, lakini sina wasiwasi. Viliamu mwenyewe kasema wamelala kule chini kwenye hifadhi.