Banda la Gari la Marehemu Baba

Jumapili, 2 Machi

Uyoga umeota kwenye kiti cha nyuma cha gari. Uyoga! Nikaung'oa kimyakimya, kumbe mke wangu yuko dirishani. Macho ya fundi cherehani hayapitwi na kitu. Akasema gari la marehemu baba limenyeshewa uwanjani miaka sita, sasa basi. Mnunuzi wa vyuma chakavu atapita Jumapili ya tarehe 16. Gari likiwa bado halina paa juu yake, litaondoka naye.

Nikamwambia paa litakuwepo. Akauliza litajengwa na nani.

Baba alinifundishia kuendesha ndani ya gari lile. Siliuzi ng'o.

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata suluhisho! Banda la vipande. Kiwanda kinakata kuta na paa kwa kipimo unachotaka, kinakuletea, wewe unakaza boliti tu. Tangazo linasema mtu mmoja, spana moja, siku moja. Mimi ni mtu mmoja. Spana ninayo.

Shemeji akaja, kaka yake mke wangu, seremala. Nani kamwambia? Akajitolea kunipimia kwa futi yake ya chuma, ile anayoining'iniza kiunoni hata msibani. Nikamshukuru, nikakataa. Tangu rafu yangu ianguke na sahani zote, huyu bwana huniita Injinia, tena mbele ya watu. Nimpe na hili? Thubutu!

Alipoondoka nikachukua futi ya kitambaa kwenye droo ya cherehani. Nikapima ubavuni mwa nyumba, kuanzia mfereji wa mbele hadi mlango wa jikoni. Futi hiyo ina urefu wa mita moja na nusu. Imelala mara nne kamili. Mita sita! Nimeagiza banda la mita sita. Futi nimeirudisha drooni kabla mwenyewe hajatoka kuoga.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimemwaga sakafu ya zege. Mita sita, kwa futi ileile. Imeanzia kwenye mfereji, ikaishia pale pale mlango wa jikoni unapoanza. Kazi safi.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alisimamia kutoka kwenye kigoda chake mlangoni. Ndipo anapomenyea viazi kila siku, kwa sababu ya upepo. Akasema sakafu ina mawimbi. Nikamweleza kwa adabu kwamba ni mteremko wa maji. Akasema haya, mwanangu. Hiyo "haya" siipendi.

Ijumaa, 14 Machi

Vipande vimefika! Arobaini na kimoja, na mfuko wa boliti. Karatasi ya maelekezo nimeiona. Ni ya watu wasiojiamini.

Mawingu yametanda. Nimeliambia gari livumilie siku moja tu.

Jumamosi, 15 Machi

Maji yamenifika shingoni.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Kufika saa nane kuta zimesimama, paa liko juu, boliti kumi na moja zimebaki. Ishara ya kubana matumizi. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe jikoni. Amefungua mlango atoke na beseni lake, amekuta ukuta wa bati. Nusu ya mlango imezibwa! Akajaribu kupita ubavu. Akakwama. Akasema kwa upole mno kwamba kama nimemchoka ningemwambia tu, angekwenda kwa mwanawe seremala. Moyo uliniuma kweli. Mama huyu sijawahi kumchoka hata siku moja.

Banda limeipita sakafu kwa karibu nusu mita. Nikalilaani lile genge la kiwandani. Shemeji akatokea (nani humwita huyu?), akachomoa futi ya chuma. Banda mita sita barabara. Sakafu mita tano na nusu na kidogo. Akaanza kusema, "Mbio za sakafuni, Injinia..." Akashindwa kumalizia kwa kucheka.

Mke wangu akauliza nilipima na nini. Nikamwonyesha. Akakaa chini. Akasema futi ile iliungua na pasi, akakata ncha, sasa inaanzia sentimita ya kumi na mbili. Kila anapopimia kuanzia ncha hiyo anapunguza kumi na mbili. Nyumba nzima inajua. Mama anajua! Mimi nimelala kitanda kimoja na siri hii miaka mitatu.

Mbele ni mfereji, kulisogeza haiwezekani. Shemeji akafungua ukuta wote wa nyuma na kipande kimoja cha ubavuni, mlango ukapumua. Sasa banda limekuwa kibaraza. Mama mkwe akaingiza kigoda. Mke wangu akaingiza cherehani, akisema mwanga ni mzuri ajabu. Gari bado liko nje.

Jumapili, 16 Machi

Mvua toka alfajiri. Saa nne mnunuzi akaja na mwavuli. Nikachukua ufunguo, nikasimama kando ya gari, nikalia. Ndiyo, nililia. Mvua ilinisitiri.

Mke wangu akatoka bandani, hakunitazama, akakaa kwenye usukani. Akatuamuru tusukume. Mimi nikasukuma, shemeji akasukuma, na mnunuzi naye akafunga mwavuli akasukuma. Cherehani ikakimbizwa sebuleni, gari likaingia hadi jikoni kukanukia petroli. Kisha mke wangu akamwambia mnunuzi samahani kwa usumbufu, alisema paa, na paa hilo hapo. Marehemu baba ndiye aliyempeleka kujifungua na gari hili, akiwa na pajama, akipiga honi njia nzima. Haliuzwi.

Mnunuzi tukampa chai. Mama mkwe hakuwa na pa kuweka kigoda, akafungua mlango wa gari, akakaa kiti cha mbele, akamenya viazi humo. Akasema kinamfaa mgongo.

Jumanne, 18 Machi

Mke wangu anashonea sebuleni, vipande vya nguo hadi kwenye sukari. Halalamiki. Ndiyo maana nimeamua kumfanyia jambo: chumba cha cherehani, cha vipande, mbele ya nyumba! Nitamshtukiza, asijue lolote.

Shemeji aliniachia futi ya chuma dirishani. Nimemrudishia na salamu. Makosa yangu nayajua mwenyewe.

Nimepima mke wangu alipokwenda kununua uzi, na kiwandani nimeshaagiza. Futi ileile ya kitambaa, ila sasa nina akili: haina kumi na mbili za mwanzo, kwa hiyo kila ilipolala nimeongeza kumi na mbili. Sikujua kama mbele kuna nafasi kubwa hivyo.