Kiti cha Pili cha Jimbo Letu

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, nafuta vumbi kwenye kiti cha pili. Zamani jimbo letu lilikuwa na viti viwili katika Baraza la Wawakilishi huko Washington. Kisha sensa ikaonyesha kwamba tuna ngano nyingi kuliko watu, na kwa kuwa viti hugawiwa kwa idadi ya watu, tukanyang'anywa kimoja. Tume ya Kumbukumbu za Uwakilishi, ambayo mimi ni katibu wake msaidizi, ikanunua kiti halisi cha mbao, ikakizungushia kamba nyekundu, na tangu hapo hakuna aliyekikalia. Hivyo ndivyo historia inavyohifadhiwa.

Jumatatu moja, kitambaa kikiwa bado mkononi mwangu, mkurugenzi wetu, Bwana LaVern Dockter, aliingia bila hata kukung'uta theluji viatuni. Alitangaza kwamba Mheshimiwa Orrin Tveit, mwenye kile kiti kilichobaki, angekuja kuzindua Mwaka wa Uwakilishi Endelevu, na kwamba wananchi walielekezwa kufurahi kuanzia saa nne.

Sura ya kwanza ya historia yetu rasmi, niliyoiandika mwenyewe, inaeleza siri ya uimara wa uwakilishi huu: adabu. Kwetu mgeni akikaribishwa kahawa hukataa, akikaribishwa tena hukataa, mara ya tatu hukubali nusu kikombe. Kipande cha mwisho cha keki hakiliwi na mtu; hukatwa nusu, na nusu ya nusu, mpaka kibaki cha kulisha sisimizi. Basi kila uchaguzi ukikaribia, Mheshimiwa husimama na kusema labda amekaa sana, labda apishe wengine. Watu hukataa. Husema tena, hukataa tena. Mara ya tatu anakubali kubaki, shingo upande. Ameonewa hivyo kwa miaka mingi.

Safari hii Tume iliamua kwamba kukataa kufanywe kitaalamu. Akateuliwa Bibi Ardis Hovde wa kijiji cha Kvam, kwa kigezo cha mvi, nami nikatumwa kumfundisha sentensi yake: "Hapana, Mheshimiwa, kaa tu."

Nilimkuta akimfunika mumewe blanketi garini. Damu ya mzee Elmer lazima isafishwe kwa mashine, na zahanati ya Kvam, iliyokuwa na mashine hiyo, ilikuwa imefungwa. Sasa Bibi Ardis humwendesha hadi wilaya ya tatu kutoka yetu, juu ya barafu, na safari iliyopita walilala mtaroni hadi trekta lilipowavuta. Nikamuuliza kama Mheshimiwa anajua. Akasema amemweleza kila walipokutana kwenye chakula cha kanisani.

"Ulimwambiaje, bibi?"

"Nilimwambia hali si mbaya sana."

Kwetu maneno hayo husemwa nyumba ikiwa inawaka moto. Ofisi ya Mheshimiwa iliyahesabu kuwa ni kuridhika kwa wananchi, na zahanati ikafungwa kwa upungufu wa malalamiko. Utaratibu ulifuatwa kikamilifu. Nilitaka kumwambia Bibi Ardis neno. Nikamwambia barabara inateleza.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Mkulima mmoja alimtania Mheshimiwa kwamba huko Washington hawamnyimi siagi. Akajibu kwamba ananenepa kwa niaba yetu. Kisha, kwa ajili ya picha, akafungua kamba nyekundu na kukaa kwenye kiti cha pili. Kwa mara ya kwanza tangu sensa ile viti vyote viwili vya jimbo vilikuwa vimejaa, na makalio yalikuwa ya mtu mmoja. Bwana Dockter alifuta machozi.

"Ndugu zangu," akasema Mheshimiwa, akijiegemeza vizuri, "labda nimekaa sana. Labda wakati umefika nimpishe mwingine."

Macho yote yakamgeukia Bibi Ardis. Alikuwa amesimama kando ya meza ya keki, na kwenye sahani kilibaki kipande kimoja. Akakichukua. Hakukikata. Akakila chote, taratibu, na ukumbi mzima ukamsikia akitafuna.

Kazi yangu ilikuwa kumnong'oneza sentensi yake akiisahau. Bwana Dockter alinikanyaga mguu. Nikatazama viatu vyangu.

"Sawa," akasema Bibi Ardis. "Tumekubali."

Mheshimiwa akacheka, akatazama huku na huku akitafuta wa kukataa. Hatuna mazoea ya kukataa jambo lililokwisha kukubaliwa. Ni utovu wa adabu. Akasema kwamba yeye alikuwa anasema tu. Kisha akajaribu mlango mwingine, kwa sauti ya upole:

"Lakini bibi, hali huko Kvam si mbaya sana, au siyo?"

Bibi Ardis akajifuta makombo mdomoni.

"Ni mbaya, Orrin," akasema. "Mume wangu anakufa barabarani. Ni mbaya sana. Inuka."