Dereva wa Mochari na Waya wa Sikioni

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Nimemwona Wabwire tena. Yuko kwenye Corolla ya kampuni, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili umeshika simu ya mkono sikioni, anazunguka raundabauti huku anacheka. Anacheka na nani? Akiulizwa husema ni mkubwa wake. Hakuna mtu anayechekeshwa na mkubwa wake saa za kazi. Mimi najua. Saluni anayofanyia kazi Beldina ina simu ya mezani, tena imewekwa karibu na kiti chake. Karibu kabisa!

Beldina ni wangu. Hajasema hivyo waziwazi, lakini hajakataa pia. Shida ni mama yake, Mama Milka, anayeuza samaki ufukweni Dunga. Ametangaza kwamba Jumapili hii, baada ya kanisa, mwanamume mmoja tu atapelekwa kwao Ahero kuonyeshwa wajomba. Mmoja! Mimi nina Peugeot 504 ya kubeba maiti kutoka mochari hadi makwao. Kazi ya heshima, na abiria wangu hawalalamiki. Lakini Wabwire ana simu. Nimeanza kuogopa.

Jumanne, 7 Septemba

Asubuhi yote nimekaa pale saluni nikijifanya namsubiri kinyozi wa jirani. Simu ikalia. Beldina akaongea, akacheka. Kicheko kilekile cha Wabwire! Nikamuuliza ni nani. Akasema ni mteja anataka kusukwa. Nikamuuliza tangu lini kusukwa kunachekesha. Akaniambia niinue miguu, anafagia.

Kuinua miguu. Anaficha kitu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Tom, fundi wa redio. Ana simu ya mkono iliyokufa, ganda tu, hata betri haina. Ila ina waya wake wa sikioni, ule wa kuongea bila kushika simu. Hapa Kisumu sijauona kwa mtu mwingine. Tom akanionya kwamba simu yenyewe haitafufuka. Nani anataka ifufuke? Simu nzima inaweza kukuaibisha mbele za watu. Kwa hii, nitapigiwa ninapotaka mimi.

Jumatano, 8 Septemba

Mazoezi, barabara ya Busia. Kuongea peke yako ni kazi ngumu. Unasema haloo, halafu unasahau mtu wa upande ule amejibu nini. Nilipokuwa nikimtafutia jibu, nikamsukuma boda boda wa baiskeli hadi mtaroni, yeye na kuku aliokuwa amewabeba. Akasema walevi wana afadhali.

Hakuumia. Lakini alijuaje kwamba nitapita pale? Ametumwa. Na ninajua aliyemtuma.

Ijumaa, 10 Septemba

Siku kubwa! Tulimpeleka Mzee Ochieng' kwao, ng'ambo ya Kisian. Mazishi mazuri, hotuba ndefu. Kurudi, nikawabeba wamama wa kanisa, na Mama Milka mwenyewe akakaa nyuma na kapu lake. Nafasi kama hiyo haiji mara mbili.

Nikauchomeka waya kwenye sikio la kulia, upande wa dirisha, ganda la simu mfukoni. Nikaanza. Haloo Mkubwa. Nikacheka. Nikauliza habari za safari yake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kila kitu nimesimamia mwenyewe, na Jumapili nitamletea samaki. Nikacheka tena.

Nyuma wimbo waliokuwa wakiimba ulikatika. Hiyo ndiyo heshima!

Tulipofika senta ya Kisian wakaomba kushuka wote. Wote, wakati wanaishi mjini! Mama Milka alishuka gari likiwa bado linatembea na akasahau kapu lake. Nadhani walitaka kwenda kusimulia.

Jumamosi, 11 Septemba

Wamesimulia. Mji mzima unasema Dishon anaongea na maiti anaowabeba. Hakuna aliyeuona waya! Wao waliona mtu mzima ndani ya gari lililotoka kushusha jeneza, anacheka na hewa na kuiahidi samaki. Familia mbili zimeshachukua gari lingine.

Mchana wakaja wamama wa kanisa, kanzu nyeupe, ngoma, ndoo za maji. Wakalizunguka gari. Mama Milka akasimama mbele yangu, Beldina nyuma yake, akaniuliza nilikuwa naongea na nani jana. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika simu. Nikiitoa, Beldina ataiona. Saluni yao inaingia watu wenye simu, atajua mara moja kwamba hii ni ganda. Nitakuwa mwongo mbele ya mama mkwe. Nikafikiri haraka.

Nikasema nilikuwa naongea na marehemu.

Yawa! Ngoma zikalia. Wakaniosha mimi na gari pamoja. Sabuni ikaniingia machoni nikatoa machozi, wakasema roho mbaya inatoka. Nikaendelea kulia, kwa sababu niliona Mama Milka ananionea huruma. Walipomaliza akasema mtu aliyeombewa hadharani hivi ni bora kuliko yule asiyejulikana anaombewa wapi, tena gari langu linatosha makapu yake. Kesho niwapeleke Ahero. Sharti moja: mikono kwenye usukani, mdomo ufungwe.

Nimeshinda!

Jioni Wabwire akanipitia. Akasema alipishana nasi jana barabarani, aliuona waya dirishani. Akaniuliza, taratibu, kwa nini sikuionyesha tu simu. Akasema hata yake ni mateso, mkubwa wake anampigia kutwa kumuuliza yuko wapi, na yeye hucheka ili asilie. Sikuamini hata neno moja. Mtu akikuhurumia hivyo, kuna anachotaka.

Jumapili, 12 Septemba

Nitaandika ilivyokuwa.

Mama Milka alikaa mbele. Nyuma Beldina, na Mama Perez, mjane wa Mzee Ochieng', aliyeomba lifti. Nilinyamaza njia nzima. Karibu na Ahero mjane akaanza kulia. Marehemu alikuwa na mashine ya kusaga unga huko Ahero, na hakuna anayejua aliweka wapi ufunguo. Akaniomba nimuulize. Nikamtazama Mama Milka. Akasema haya, muulize, iwe ya mwisho.

Ningefanyaje? Bila waya maneno hayaji, nimezoea hivyo. Nikauchomeka polepole sikio la dirishani. Haloo Mzee. Nikatazama kwenye kioo kuona kama mjane ameridhika.

Ameridhika sana. Barabara ndiyo niliyosahau. Tukaingia kwenye mtaro wa shamba la mpunga, matope hadi mlangoni. Hakuna aliyeumia. Waya ukachomoka, simu ikaruka kutoka mfukoni ikaangukia mapajani mwa Mama Milka.

Beldina akainama kutoka nyuma, akaichukua, akaigeuza.

"Haina hata betri," akasema.

Mama Milka akanigeukia. "Dishon, mtu anayeongea na maiti naweza kumwombea. Anayeongea na plastiki nimfanyie nini?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, hasa la kulia.

Halafu nani anatokea? Wabwire! Eti mkubwa wake kamtuma Ahero kuchukua mchele, siku ya Jumapili. Alinivuta kwa kamba hadi barabarani. Gari langu halikuwaka. Mama Milka akasema wajomba wameshachinja na hawezi kufika mikono mitupu, akamwambia Wabwire afungue mlango. Mama Milka na mjane wakaingia nyuma, Beldina akakaa mbele, kando ya Wabwire. Walipokuwa wakiondoka simu ya Wabwire ikalia, ikalia. Hakuishika. Mikono yote miwili kwenye usukani.

Beldina yuko ndani ya gari na simu inalia! Basi anayempigia si Beldina. Ana mwanamke mwingine! Nilijua tangu mwanzo mtu huyo si mwaminifu. Maskini Beldina, lazima aonywe.

Jumatatu, 13 Septemba

Wajomba wamempenda Wabwire. Mazungumzo ya ng'ombe wa mahari yataanza mwezi ujao. Nimekosa hamu ya chakula.

Nimerudi kwa Tom. Amenipatia betri. Nikibonyeza, taa ya kijani inawaka! Tom anasema bado haitaongea na mtu yeyote. Tom haelewi, kosa letu lilikuwa betri tu. Kesho napeleka maiti Ahero. Nitapita mbele ya kwa kina Beldina polepole, dirisha wazi, mkono mmoja kwenye usukani, nikicheka.