Zulia la Enid Juu ya Sakafu ya Moto

Jumamosi, 6 Septemba

Nimemwaga sakafu ya chumba kipya nyuma ya nyumba. Mwenyewe! Chini kokoto, kisha nailoni, kisha vibao vinene vya povu vya kuzuia baridi ya ardhini, kisha mabomba ya maji moto yaliyojikunja kama utumbo, kisha zege juu. Jirani yangu Clive aliegemea ua, chai yangu mkononi, akauliza kama najenga chumba au nazika gari. Mjinga!

Sijasahau mazishi ya mke wangu Enid. Dada yake, Brenda, alitangaza mbele ya watu, sandwichi mdomoni, kwamba marehemu kaolewa miaka yote hiyo na bado kafa na miguu ya baridi. Kweli, ilikuwa baridi. Kila usiku aliibandika kwenye mapaja yangu. Mimi yowe, yeye kicheko. Lakini kusemwa hadharani! Brenda atavua viatu juu ya sakafu hii na kuniomba radhi.

Jumatano, 5 Novemba

Zege limekauka. Nimewasha boila, mtambo wa kupasha maji ya mabomba. Joto! Nililala chali sakafuni, nikamwambia Enid.

Brenda nimemwalika chai Jumapili, siku ya kuzaliwa ya Enid. Clive ashauri vigae, eti zulia litazuia joto. Nani kamuuliza? Enid alichukia vigae. Natandika zulia lake la mawaridi.

Ijumaa, 7 Novemba

Zulia hushikwa na vijiti vyenye misumari, vinavyofungwa sakafuni kandokando ya ukuta. Clive kapiga kelele kutoka kwake: jamani Neville, bandika kwa gundi, usigongelee, kuna mabomba humo! Gundi nilikuwa nimeshanunua. Nimeitupa. Sitaki aje kusema lilikuwa wazo lake. Nimegongelea pande zote nne. Imara kabisa. Msumari mmoja uliingia kirahisi mno.

Jumapili, 9 Novemba

Brenda kaja na keki ya tangawizi. Kavua viatu. Kasema hasikii joto lolote, shemeji, hapa anasikia zulia tu. Hasira zilinipanda! Nikafungulia boila hadi mwisho.

Kufikia kipande cha pili cha keki, soksi zake zikalowa. Akapiga yowe. Kisha akatazama mawaridi yakiogelea, akasema maji ni ya moto. Nikamwambia arudie. Akarudia: ya moto kabisa. Halafu akalia. Kumbe utotoni yeye na Enid walilala kitanda kimoja, na miguu ile ilibandikwa kwake kabla yangu.

Clive akaja kufunga maji. Alicheka hadi akakaa chini, penye maji.

Jumatatu, 10 Novemba

Clive asema tuvunje kona moja, tuunge bomba, halafu gundi. Kaacha kopo zima la gundi mlangoni. Nimelitupa. Kosa si kugongelea, ni urefu wa misumari. Nimenunua mifupi. Mingi zaidi.

Brenda anarudi Krismasi. Nimemwambia asivae soksi.