Jua Lishtakiwe, Ruwa Arudishiwe Funguo

Kisauni,
17 Februari 1992

Kwa Mchungaji Mwangi,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Daktari anasema moyo wangu hautafika Pasaka, kwa hiyo nakiri nililolificha: divai ya Meza ya Bwana, ambayo washirika kwa miaka tisa wameidhania ya ng'ambo, hukamuliwa na kuvundikwa jikoni kwangu, kwa mabibo ya mkorosho wangu. Lebo nazibandika mwenyewe kwa gundi ya shule.

Hata hivyo, nimeandika hasa kulilalamikia jua. Ulimwachisha Ruwa kazi ya kutunza vyombo vya kanisa, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita, kwa sababu chupa saba zilipasuka katikati ya mahubiri yako. Mwenye hatia yuko juu angani, na makosa yake ni haya:

1. Limezidi. Nilipokuwa mwalimu mkuu, kaskazi ilikuwa na adabu. Ilivuma, watu wakalala. Siku hizi vuli huja ikijisikia, na chumba cha vyombo, chini ya mabati yale, kimekuwa tanuri. Divai huingia humo imetulia, hutoka inatokota povu. Wewe mtu wa Nyeri huenda ukadhani ndiyo kawaida yetu.

2. Povu limevuruga ibada. Mama Agneta hurudi kwenye foleni mara ya pili, akidai ya kwanza ilimpanda puani. Kwaya hucheua katikati ya Zaburi. Mahudhurio yameongezeka, jambo uliloliripoti kuwa ni matunda ya mahubiri yako. Niwie radhi.

3. Mimi sijaichokoza dunia. Chupa ni zile zile tangu mwaka wa themanini na tatu. Vizibo nakata kwenye ndara kuukuu, maji ni ya mvua, kuni ni vifuu, na makapi hula mbuzi wa jirani yangu Jumwa. (Mbuzi huyo alipanda juu ya paa la zahanati akakataa kushuka hadi adhuhuri. Hilo nalo ni joto.)

4. Siku yenyewe. Ulikuwa unasema, "Subirini ishara," kizibo kikatoka mlango wa chumba cha vyombo, nyuma ya mimbari, kikakupata kisogoni. Wazee waliingia chini ya viti. Ruwa alikimbilia chumbani akazikumbatia chupa zilizobaki, zisije zikawaumiza watoto wa shule ya Jumapili. Alitoka amelowa, ananuka, nawe ukakata shauri kwamba amelewa. Mchungaji, Ruwa hajaonja kitu kikali kuliko chai ya tangawizi.

Kwa hiyo naomba baraza la kanisa liliandikie jua barua ya onyo. Likikaidi, kipupwe kihamishwe kutoka Julai hadi Januari. Hilo nalo likishindikana, ibada ianze alfajiri, kabla mshtakiwa hajachomoza. Lakini funguo Ruwa arudishiwe Jumapili hii hii, maana siku zangu ni chache, na ndiye ninayetaka anishike mkono nikienda mezani mara ya mwisho.

Nisalimie mama mchungaji, kwaya nzima, na Mama Agneta mara mbili.

Wako, mwenye kupungua kila asubuhi,
Mwalimu Zakaria Tinga

N.B. Nimemsomea Ruwa barua hii kabla ya kuitia bahasha. Alicheka hata akafuta machozi, kisha akasema, "Mwalimu, jua limenyamaza kwa kuwa halina mdomo. Mimi ninao."

Basi ni hivi. Chumba cha vyombo kina mwarobaini juu yake na ni baridi kuliko nyumba yangu. Krismasi ya juzi mgeni mmoja alilisifu povu, nami sifa zikanilevya. Tangu hapo nimekuwa nikitia kijiko cha sukari katika kila chupa kabla tu ya kuziba. Wiki ile ya kupasuka chupa, niliposikia mgeni huyo anarudi, nilitia vijiko vitano. Ruwa aliniona, akanisihi niache. Na siku ulipomnyang'anya funguo mbele ya washirika wote, nilikuwa nimeketi kiti cha mbele, nikaangalia sakafu.