Uzinduzi wa Picha Kumi na Saba za Sehemu Zilizosahauliwa, Kibiti, 1994

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amepata dharura. Mwenyekiti wa Kamati ya Kumbukumbu za Mji, ambaye ni mimi. Katibu wake, ambaye pia ni mimi. Mashehe wetu, akina mama mliotoka Salale kwa mitumbwi na maji ya alfajiri, na nyie wenye mabasi mlioombwa msipige honi na bado mnapiga, asalamu aleikumu! (Aleikumu salaam!)

Ndugu zangu, katika kipindi hiki cha soko huria, ambapo kila mtu anakimbilia mitumba na redio kaseti, kamati yangu ilikaa, ikafanya fizibiliti stadi, ikaandaa mikakati shirikishi, ikabaini kwamba asilimia themanini na tano ya sehemu zetu zimesahauliwa, na zilizobaki ni stendi, soko na hili banda tulilomo. (Kicheko.) Nilikwenda mwenyewe, kamera shingoni. Nilianzia kisima cha zamani hapa Kibiti. Nikafika Chumbi, kwenye dungu la marehemu Mzee Mwinyimvua, lile alilokuwa akikaa juu kufukuza ndege wasile mpunga, nikapanda, likanishusha lenyewe. (Sauti: “Na tumbo hilo!”) Nikafika Salale, kwenye ghala la mpunga alikokuwa karani marehemu Mzee Saadi, na mjane wake, Bi Mwanahawa, akasimama mlangoni na kanga mpya, akaniambia nipige haraka, mto unakula ukuta wa nyuma. Nikapiga. Taa ya kamera ikawaka! (Vigelegele.) Chini ya uongozi wangu shupavu...

(Bi Mwanahawa anasimama: “Bashiru, mwanangu, maneno tumeshiba. Ghala limeingia mtoni tangu mwezi wa Mfungo Sita. Funua hilo shuka nipaone alipokuwa akikaa mume wangu.”)

Mama, kuna utaratibu wa uzinduzi. (“Funua!”) Kuna risala. (“Funua, baba!”)

Haya. (Shuka linaanguka. Ukutani misumari kumi na saba. Hakuna picha hata moja.)

Filimu ilikuwa ije na basi kutoka Dar. Haikuja. Watu wa kisimani walikuwa wameshajipanga, wamejipaka wanja, nikaona haya kuwarudisha, nikawasha taa tu. Wakanishangilia. Nikazoea. Salale nilijua ukuta unakwenda, mama, na bado nikawasha taa tu, halafu nikanywa uji wako nikausifu.

(“Ukarudia bakuli la pili.”)

Nilirudia, mama. Na kosa hili ni langu, si la kamati. Kamati yenyewe haipo.

Kwa hiyo nawashukuru kwa kuhudhuria uzinduzi wa picha ambazo hazikupigwa. Kumbukumbu, hoyee! (Sauti moja: “Hoyee, ziko wapi?”) Bi Mwanahawa, nisamehe. Njoo hapa ukutani utuonyeshe mlango ulikuwa wapi na meza ya Mzee Saadi ilikaa wapi. Mimi nakaa chini.

(“Kaa kweli!” Bashiru anakaa. Bi Mwanahawa anapita mbele, anashika msumari wa kwanza: “Mlango, hapa.”)